Waulizeni Wakiwa Wawili: Kumbukumbu za Nyumbani Marangu

Mhadhara uliotolewa Moshi mjini katika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana mliopanda kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko kuja kula sikukuu nyumbani, shikamooni, na wale wa rika langu na walio chini yangu, habari za safari. Nawashukuru waandaaji kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mume wangu, ambaye mnamwona pale mstari wa mbele, alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa kwa miaka mingi. Sote wawili ni wa Marangu, kwenye mteremko wa Kilimanjaro: yeye alizaliwa upande wa chini, mimi upande wa juu karibu na msitu, na mwaka 1978 nikaolewa kwao. Tuliombwa tuzungumzie mila na kumbukumbu za kwetu tukiwa mke na mume, tukakubaliana kwamba nitasema mimi, naye ananyanyua mkono pale ninapokosea.

Nianze na jambo lililotushtua sisi wenyewe. Tulipostaafu tuliamua kuandika tunayoyakumbuka, ili wajukuu waliozaliwa mjini wapate pa kuanzia. Tukanunua madaftari mawili, kila mtu akaandika lake, na kwa muda wa miezi minne hatukuonyeshana. Siku tuliyoketi sebuleni kusomeana, ilikuwa kana kwamba tumekulia katika vijiji viwili visivyojuana. Mume wangu alikuwa ameandika kurasa sita juu ya mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, na mimi mistari miwili. Mimi nilikuwa nimejaza kurasa nane juu ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, na yeye ameandika kwamba mbege ilikuwepo. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyesahau. Kila mmoja aliandika kile ambacho mikono yake ilikifanya na masikio yake yaliruhusiwa kukisikia, na mila za kwetu ziligawa kazi kati ya mwanamume na mwanamke kwa ukali sana, kwa hiyo ziligawa na kumbukumbu.

Chukueni huo mfongo. Vijana wengi mnajua kwamba babu zetu walichimba mifereji iliyotoa maji kwenye mito ya mlimani na kuyaleta katika vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba zetu, kwa kufuata mteremko tu, bila kifaa chochote cha kupimia. Mume wangu anaujua mfongo wa ukoo wao kama anavyokijua kiganja chake: mahali ulipochukulia maji mtoni, mahali ulipopita juu ya mwamba kwa mkingamo wa magogo yaliyochimbwa, nani alikuwa na zamu ya mchana na nani ya usiku. Anakumbuka sauti ya mzee wa mfongo akiita jioni kwamba kesho ni msaragambo, kazi ya pamoja ya wote, na kwamba asiyefika na jembe lake alitozwa pombe. Anakumbuka alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, akilala juu ya majani makavu ya mgomba kando ya mfereji, mguu mmoja ndani ya maji, kwa sababu baba yake alimwambia maji yakipungua ghafla utayasikia kwa mguu kabla hujayaona, nawe ujue kuna mtu huko juu ameyakata kabla ya saa yake.

Mimi nisingeweza kuandika hayo. Kule kwenye chanzo, mfongo ulipotoka mtoni, wanawake hatukupelekwa, wala hatukutakiwa kusogea. Mfongo ninaoujua mimi ni ule wa alfajiri, kabla wanaume hawajayafungulia maji mashambani na ng'ombe hawajayavuruga, tulipokwenda kuteka maji ya kunywa yakiwa bado safi na ya baridi inayouma vidole. Hapo ndipo habari zote za kijiji zilipopita: nani amejifungua, nani anaumwa, binti wa nani amepelekewa wachumba. Mume wangu aliposikia hayo alishangaa, akasema maisha yake yote alidhani habari za kijiji zilitoka kwenye vilabu vya mbege.

Na mbege yenyewe nayo iko hivyo hivyo. Mwanamume wa Kichagga ukimuuliza mila ya mbege atakueleza nani anapewa kata ya kwanza, nani anasema maneno kabla ya kunywa, na ni kesi gani haiwezi kusikilizwa pasipo pombe mezani. Hayo ni ya kweli na ni ya maana. Lakini kata ile haikujileta. Ndizi huvundikwa mpaka ziive, humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi kuwa nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Wakati huo ulezi umelowekwa, umechipua, umeanikwa na kusagwa kuwa kimea, na hupikwa uji pamoja na magome ya msesewe yanayotia ule uchungu, halafu uji huo huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa. Ukikosea siku moja tu, wageni watafika pombe ikiwa bado tamu kama togwa, au ikiwa imepita na kuwa kali. Mama mkwe wangu hakuwa na kalenda ukutani. Alianza kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya shughuli, kwa vidole, na mimi bibi harusi mpya nilisimama mlangoni nikijifunza kuhesabu kinyumenyume. Nasema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu wengi wa wanaorekodi mila zetu leo hukaa na wazee wa kiume sebuleni, huku mwenye kujua siku za mbege yuko jikoni anawapikia wageni haohao.

Naomba sasa nieleze habari ya ndani zaidi, na mwenzangu ameniruhusu. Mwaka wetu wa pili wa ndoa tuligombana, nikarudi kwa wazazi wangu juu, nikakaa wiki mbili. Wote mnajua isale ni nini kwetu: lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa vihamba, ambalo ndilo hilohilo linalobebwa kuomba msamaha, na likishaletwa huwezi kulikataa. Daftari la mume wangu linaeleza safari: jinsi baba yake alivyokata jani mwenyewe alfajiri, akalifunga fundo, jinsi walivyopanda wanaume watatu kwa miguu bila kusemezana, na maneno yote ambayo mjomba wake aliyasema mbele ya baba yangu, neno kwa neno, kwa sababu kijana hutakiwa kuyashika ili siku moja ayaseme yeye. Daftari langu halina neno hata moja kati ya hayo. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma na mama yangu. Mama alichungulia kwenye upenyo wa mlango, akaona ncha ya jani mkononi mwa baba mkwe, akarudi na kuanza kukunja kanga zangu. Hakuniuliza kama nataka kwenda. Aliniambia tu, "Limeshafika," akaendelea kukunja. Kwa miaka arobaini mume wangu aliamini kwamba nilirudi kwa sababu ya ufasaha wa mjomba wake, ambao mimi sikuusikia.

Tofauti nyingine ilitufundisha jambo ambalo, kama mwalimu wa Kiswahili, nilipaswa kuliona mapema. Ni ile hadithi ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima wetu. Zamani viberiti vilikuwa adimu, na moto ukizimika jikoni ulikwenda kuomba kaa kwa jirani. Mimi mwenyewe nimelibeba juu ya kigae cha chungu, nikilipulizia njiani lisife. Ndivyo inavyosemwa kwamba Mawenzi alikwenda kuomba moto kwa Kibo, akamkuta anatwanga ndizi kavu, akapewa moto na ndizi pia. Zikamnogea. Akauzima moto kwa makusudi, akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu Kibo alikasirika, akamtwanga kwa mchi, na ndiyo sababu Kibo yenye mita 5,895 imekaa kama kuba laini lenye theluji, na Mawenzi yenye mita 5,149 imechanikachanika mpaka leo. Nilimsomea mume wangu hadithi hii nikisema wanawake wawili majirani. Akanikatiza: ni ndugu wawili wa kiume, mkubwa na mdogo. Tulibishana hadi chai ikapoa. Baadaye nikatulia nikafikiri. Kichagga, kama Kiswahili, hakisemi mwanamume wala mwanamke katika kitenzi. "Alikwenda" ni wote. Bibi yangu aliniambia mimi akiwa jikoni, na mahali pale mwenye kuomba moto na mwenye kutwanga ni mwanamke. Mume wangu alisimuliwa na babu yake zizini. Hadithi haikubadilika hata neno moja, na kila mmoja wetu akaona watu tofauti.

Kuhusu kahawa nitapita haraka, maana hilo limeandikwa sana. Mnajua wakulima walijiunga mwaka 1925 katika chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 ikaundwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, na kwamba fedha ya kahawa ndiyo iliyosomesha karibu kila mtu aliye katika ukumbi huu. Mume wangu ana tarakimu zake za mizani na malipo, na anakumbuka jinsi bei zilivyoporomoka baada ya makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa mauzo kuvunjika mwaka 1989, wazee wakisimama mbele ya meza yake wakiuliza kama amekosea kuandika. Mimi nakumbuka kumenya matunda usiku kwa mashine ya mkono, utelezi wa punje kwenye maji, na harufu iliyobaki kwenye kucha mpaka Jumapili kanisani. Nakumbuka pia nani alikuwa wa kwanza kung'oa mibuni yake, na kwamba alifanya hivyo mumewe akiwa safarini. Hilo halimo katika vitabu vya chama.

Watu wa nje wamekiona kihamba chetu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia, kwa jinsi miti mirefu, migomba, mibuni na mazao ya chini vinavyoishi pamoja katika eneo moja dogo. Nilifurahi sana. Lakini nyinyi mnajua kihamba ni zaidi ya mpangilio wa mimea. Humo ndimo wanamolazwa wafu wetu, ndiyo maana maiti husafirishwa kutoka popote duniani kuja kuzikwa pale. Mila iliwapa vihamba mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume, huyu wa mwisho akibaki na nyumba ya wazazi, na wale wa katikati wakatafuta kwingine; wengi wenu mliosafiri kwa basi usiku kucha ni watoto na wajukuu wa hao wa katikati. Mabinti hatukutajwa katika hesabu hiyo. Mimi naona ilikuwa dhuluma, na nimeiandika katika daftari langu kwa neno hilohilo, pembeni mwa ukurasa ambao mume wangu ameeleza mgao ule kwa utaratibu mzuri.

Ombi langu kwenu mnaopanda kesho na kesho kutwa ni dogo. Kama wazee wenu wote wawili bado wapo, waulizeni wakiwa wawili, katika chumba kimoja, na msiwe na haraka ya kuamua nani kapatia. Wakianza kubishana, hapo ndipo kalamu itembee. Na kama amebaki mmoja, mtafuteni dada au kaka wa yule aliyetangulia, akae upande wa pili wa meza.

Nimalizie na ubishi wetu mkubwa kuliko wote, ambao watoto wetu waliuchoka. Mume wangu aliandika kwamba mfongo uliingia kihambani kwao kwa juu ya makaburi. Mimi niliandika kwamba ulipita chini yake, karibu na msesewe mkubwa, na mimi nimeteka maji hapo kwa miaka. Maji ya bomba yalipofika, mfongo uliachwa, ukajaa majani, hivyo hapakuwa na cha kuangalia kwa macho. Desemba iliyopita tulichukua jembe na panga, wazee wawili, tukaenda kufyeka. Chini ya msesewe tukaupata, wa kwangu, bonde jembamba lenye udongo laini. Nikafurahi kupita kiasi. Yeye hakusema kitu, akaendelea kupanda taratibu, akasimama juu ya makaburi mahali palipoota mstari wa masale yaliyozeeka, mashina mazito kama paja, akachimba katikati yao. Kwenye kina cha jembe moja yalitoka mawe ya mto, mviringo, yamelala kwa safu.

Jirani yetu, bibi wa miaka zaidi ya tisini, alitusikia akaja na fimbo yake. Akasema mfongo ulihamishwa kutoka juu kwenda chini mwaka ambao kihamba kiligawanywa kati ya baba mkwe wangu na ndugu yake, na kwamba yeye ndiye aliyepika pombe ya siku ile. Mume wangu alikuwa shule ya bweni mwaka huo. Mimi nilikuwa bado sijaolewa. Tukaketi pale pale juu ya mawe, nikafungua daftari langu, naye la kwake, na kila mmoja akaandika mfongo wa mwenzake.