Beji Isiyo na Cheo

(Mhadhara kwa wazazi na walimu wa darasa la Kiswahili la Jumamosi, Uingereza)

Hamjambo wote. Shikamooni wazee wangu mlioketi mbele. Watoto wako chumba cha pili wanachora, kwa hiyo tuna kama dakika arobaini kabla hawajaanza kugombania penseli.

Mwenyekiti aliponikaribisha hapa amenitaja kwa vyeo vitatu. Kimoja ni cha kweli. Nimecheka kimoyomoyo, maana nililokuja kulisema linaanzia hapo hapo. Sisi mtu wetu tukitaka kumpa heshima tunamwongezea cheo, na kama hana tunamtungia. Mheshimiwa, mhandisi, mlezi wa jumuiya, mgeni rasmi. Mimi nilikwenda mahali ambapo kila mtu alinyang'anywa chake mlangoni, nikarudi nimejaa maswali.

Mahali penyewe ni mkutano wa wikendi wa Wayahudi wa nchi hii, wa kusoma, kusali na kula pamoja. Unaitwa Limmud, neno la Kiebrania lenye maana ya kujifunza. Aliyesoma Kiarabu chuoni atausikia udugu wake na tilmidh, mwanafunzi. Mimi si Myahudi. Nilialikwa na mwalimu mwenzangu wa kazini, na mlango wao uko wazi kwa anayetaka kusoma, ingawa utakaguliwa mkoba kabla hujaingia. Walinzi nao ni watu wa kujitolea. Kwa Wayahudi wa Ulaya mkoba kukaguliwa ni jambo la kila mkusanyiko, na sababu yake mnaijua: hofu ya kushambuliwa.

Jambo lenyewe lilianza mwezi Desemba mwaka 1980. Walimu wachache wa elimu ya Kiyahudi, waliovutiwa na mkutano wa wenzao wa Marekani, waliitisha wa kwao katika shule moja ya bweni huko Oxfordshire. Hawakufika watu mia. Wakati wenyewe waliuchagua kwa hesabu ya kawaida kabisa: siku za Krismasi nchi nzima imefunga, jirani zao wamejifungia na bata mzinga, Myahudi yuko likizo na hana pa kwenda, na mabweni ya wanafunzi ni matupu. Miaka ikapita, mkutano ukahamia vyuo vikuu, ukafikisha watu zaidi ya 2,000 kwa mara moja. Mfano wake umeigwa katika nchi zaidi ya 40. Afrika Kusini wanao Johannesburg, Cape Town na Durban. Waajiriwa wapo, lakini wachache. Ratiba, vyumba, chakula, watoto, vipaza sauti, vyote viko mikononi mwa watu wenye kazi zao nyingine, wanaokutana usiku baada ya kulaza watoto. Kama sisi.

Lakini ngoja niwaambie habari ya fedha, maana naona baba mmoja pale nyuma ameshaanza kupiga hesabu. Anayefundisha halipwi posho. Hakuna bahasha ya nauli, hakuna "kitu kidogo cha kumshukuru mtoa mada". Mimi nililipa kiingilio, halafu nikapangiwa zamu ya viti. Yaani nimetoa fedha yangu mfukoni ili nikabebe viti vya watu! Nilimlalamikia mwenyeji wangu kwa mzaha, naye akanijibu kwa Musa. Katika Talmudi, bahari ile ya mafundisho na mabishano ya marabi, yaani walimu wao wa dini, wa kale, kuna mahali Musa anawaambia Waisraeli kwamba yeye aliipokea Torati bure, basi nao waifundishe bure. Nikamuuliza, na rabi anayepokea mshahara je? Akacheka, akasema lipo jibu la zamani sana: halipwi kwa Torati, analipwa kwa kazi nyingine aliyoiacha ili afundishe. Nimeishi na wanasheria, sijasikia utetezi mzuri kama huo.

Sasa beji. Unapofika unapewa beji yenye jina lako tu. Hakuna "Rabi", hakuna "Profesa", hakuna "Daktari". Mtu aliyeandika vitabu kumi anaitwa kwa jina lake la kwanza, na binti wa miaka kumi na tisa naye vivyo hivyo. Kanuni yao ni kwamba kila mtu ni mwanafunzi na yeyote anaweza kuwa mwalimu. Saa tatu binti huyo anafundisha na mzee wa vitabu kumi ameketi mstari wa tatu, saa nne wanabadilishana.

Msidhani kwamba jambo hili lilipita bila vurugu. Wayahudi wana madhehebu, kama watu wote, na yanagombana. Kwa rabi wa kiorthodoksi, anayeshikilia sheria ya kale, kukaa jukwaa moja na rabi wa mageuzi, anayeona inaweza kubadilika, wote wawili bila vyeo, ni kama kutangaza kwamba njia zote ni sawa, na yeye haamini hivyo. Kwa miaka mingi Rabi Mkuu wa Uingereza hakuhudhuria. Jonathan Sacks alikuwa akienda kabla ya kushika kiti hicho mwaka 1991, akakoma alipokishika. Mrithi wake, Ephraim Mirvis, alikwenda mwaka 2013, mwaka ule ule aliotawazwa, na kabla hajafika marabi kadhaa wakubwa walikuwa wametia sahihi barua ya kuwaonya watu wasihudhurie. Kwangu mimi barua ile haikuwa upuuzi. Waliona vizuri kuliko wengi kwamba kufuta cheo kwenye beji kunabadilisha kitu cha kweli. Tofauti yangu nao ni kwamba nakipenda kitu hicho.

Niwapeleke Ijumaa yenyewe. Ilikuwa majira ya baridi, jua linazama saa kumi jioni. Mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana pale ndani palikuwa kama Kariakoo mkesha wa Idi: watu wanakimbia na sahani, mtu anatafuta soketi, sufuria kubwa la maharage, shayiri na nyama limebandikwa moto mdogo ili lilale hapo mpaka mchana wa Jumamosi. Halafu ghafla kukatulia. Ikiingia Sabato hakuna kuandika, hakuna simu, hakuna kipaza sauti, hakuna kuwasha wala kuzima taa. Taa za ukumbini zimeachwa zikiwaka, na zitawaka hivyo mpaka nyota tatu zionekane kesho yake.

Mnanijua. Nimelelewa na mama aliyetuchapa kwa kuacha taa inawaka. Saa tano usiku natoka kupanga viti, napita kwenye korido, naona taa inawaka na hakuna mtu. Mkono ukaenda wenyewe. Tap. Giza.

Kumbe kulikuwa na mtu. Mzee mmoja alikuwa anakuja na viti viwili, tulikuwa naye zamu moja. Akasimama. Mimi nikagundua nilichofanya, nikaanza kuomba radhi gizani, nikamwambia nawasha sasa hivi, mzee, mimi si Myahudi, kwangu hakuna shida. Akasema kwa upole kwamba mimi ninaweza kuwasha, lakini yeye hawezi kuniomba, na nikiwasha kwa ajili yake basi yeye hafai kuitumia ile taa. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, "Na wewe, unaona vizuri hapo ulipo?" Nikasema hata mkono wangu siuoni. "Basi," akasema, "mtu asiyeona si hutafuta taa?"

Nikawasha. Kwa ajili yangu mwenyewe, mnashuhudia. Naye akapita na viti vyake.

Tulikaa kwenye viti vile kama nusu saa, mzee akinieleza. Kwa nini kuomba kumekatazwa, kwa nini kudokeza kuna wanaokubali na wanaokataa, wapi mgonjwa anabadilisha hukumu yote. Kila nilipopinga alifurahi zaidi. Nilipomuuliza yeye ni nani, kazi yake nini huko mjini, alinionyesha beji, jina moja, akasema hapa yeye ni mtu wa viti. Mpaka leo sijui kama ni hakimu au fundi cherehani.

Kesho yake niliingia kwenye chumba wanachosoma wawili wawili. Mtindo huu wanauita havruta, usuhuba. Mnawekewa ukurasa mmoja, mnaketi uso kwa uso, mnasoma kwa sauti na kubishana. Chumba kizima kinavuma kama mzinga wa nyuki. Ukurasa wa Talmudi nao umejengwa kwa mabishano: katikati maandishi ya kale, upande mmoja maelezo ya Rashi, mwanachuoni wa Troyes aliyefariki mwaka 1105, upande wa pili wajukuu wake na wanafunzi wao wakimuuliza Rashi amepata wapi hayo. Asiyejua Kiebrania anapewa tafsiri.

Niliketi na mama mmoja muuguzi. Ukurasa wetu ulikuwa kisa cha Rabi Yohanan na Resh Lakish, watu wa karne ya tatu huko Galilaya. Resh Lakish alikuwa jambazi. Yohanan alimshawishi aache ujambazi asome, akamwoza dada yake, wakawa masahaba wa kusoma miaka na miaka. Siku moja wanabishana kuhusu upanga na kisu: kifaa kinahesabiwa kimekamilika lini? Yohanan anasema kikitoka tanuruni. Resh Lakish anasema kikishasuguliwa majini. Yohanan, kwa hasira au kwa utani uliopita mpaka, akasema: jambazi anajua zana zake. Resh Lakish akamjibu kwamba basi hukunifaa kitu, maana kule niliitwa mkubwa na huku naitwa mkubwa.

Hapo muuguzi aliweka kidole kwenye mstari, akaniuliza: ni tusi au ni kweli? Tulibishana mpaka muda ukaisha. Mimi nilisema mtu yule ameumia, ndiyo maana anakumbuka cheo. Akiwa na furaha hakukihesabu. Yeye alisema hapana, ndiyo sentensi ya kwanza ya kweli katika kisa chote: kama ulichonipa ni jina la heshima tu, nilikuwa nalo porini.

Mwisho wake ni mchungu. Hawakupatana. Resh Lakish aliugua akafa, na Yohanan akabaki na majonzi yasiyotulia. Wakamletea sahaba mpya, Elazar bin Pedat, msomi hodari. Kila Yohanan alipotoa kauli, Elazar alisema, "Lipo fundisho la kale linalokuunga mkono." Yohanan akalipuka: wewe utakuwa kama mwana wa Lakish? Yeye nikisema neno alinipinga mara 24, nami nikamjibu mara 24, na elimu ikapanuka. Wewe unaniambia nimesema vizuri. Kwani mimi sijui kwamba nimesema vizuri? Akatoka akizunguka, amerarua nguo zake, akilia, mwana wa Lakish uko wapi, mpaka akili ikamtoka.

Nilipotoka pale nilikwenda nje kwenye baridi bila koti.

Si kila darasa lilikuwa hivyo. Ukisema yeyote anaweza kufundisha, basi kweli yeyote atafundisha, na bwana mmoja alitusomea karatasi saa nzima bila kuinua kichwa. Dawa yao ni kwamba kuna madarasa mengi kwa saa moja, na mtu kunyanyuka katikati akaenda jingine si utovu wa adabu. Nusu ya chumba ilimkimbia yule bwana. Mimi nilibaki kwa haya za kipwani, nikajuta. Na kiingilio si bei ya mchicha. Familia yenye watoto watatu inafikiria mara mbili.

Kuna wenzetu wa Afrika Mashariki ambao usomaji huu wa kujifundisha ulikuwa ndio uhai wao. Huko Mbale, Uganda, Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari mkubwa, aliishika dini ya Kiyahudi mwaka 1919 baada ya kusoma Biblia mwenyewe na kujiuliza kwa nini wengine hawaifuati ilivyoandikwa. Hakuwa na rabi. Watu wake, Abayudaya, walifundishana kwa walichokuwa nacho, na Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao waliendelea kwa siri. Rabi wao aliyesomea Los Angeles, Gershom Sizomu, alipata daraja hilo mwaka 2008. Karibu miaka tisini walisomeshana wakulima kwa wakulima.

Sasa turudi ukumbini humu, maana mmenivumilia. Mwaka jana, kwenye sherehe ya watoto wetu, kikao cha maandalizi kilitumia zaidi ya nusu saa kujadili nani aketi meza kuu. Mgeni rasmi alichelewa saa mbili. Watoto waliokariri mashairi mwezi mzima wakalala vitini, na binti yangu alisoma beti zake nyumbani, kwa paka. Nilikuwa kwenye kamati. Nilipiga kura ya kusubiri.

Ninaloomba ni dogo. Jumamosi ijayo tusiwe na meza kuu. Mzee wetu aliyekuwa nahodha wa jahazi afundishe majina ya pepo, kaskazi na kusi na matlai, na mtoto wa darasa la nne afundishe alichokigundua kuhusu ngeli. Wawili wawili, uso kwa uso, na shairi moja mezani. Zamu ya viti tupige kura ya karatasi za majina, na la mwenyekiti nalo liingie chunguni.

Mlangoni nimeweka kadi na kalamu. Andikeni jina moja moja. Mwenyekiti, yako nimeshaiandika.