Kipindi cha wiki hii: Mlio wa kamera ni hodi?

KOMBO: Tumerudi. Wiki iliyopita tuliahidi maswali matano ya kujiuliza kabla ya kuchagua kamera ya picha za mtaani. Ninayo hapa kwenye karatasi, yamepangwa vizuri. La kwanza...

MWANAIDI: Ngoja, Kombo. Kabla ya karatasi.

KOMBO: Nilijua. Jumamosi, saa tano usiku, nimetumiwa picha na ujumbe wa sauti wa dakika nne.

MWANAIDI: Sikuweza kulala. Asubuhi yake nilikuwa natembea na ile kamera yangu kubwa, ya kioo. Wasikilizaji wa siku nyingi wanaijua.

KOMBO: Wanaijua kwa sauti yake.

MWANAIDI: Ndiyo hiyo hiyo. Kwenye kona amekaa fundi viatu, mzee. Jua linampiga upande mmoja tu wa uso. Ameinua sindano usawa wa jicho, jicho la pili amelifumba, uzi ameulowesha kwa ulimi, anautunga. Nikainua kamera, nikabofya.

KOMBO: Ikalia.

MWANAIDI: Kachak! Akainua kichwa, uzi ukamponyoka. Akasema, "Nilidhani ni kufuli." Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa: "Umenipiga picha?" Nikasema ndiyo. "Ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

KOMBO: Ukamjibu nini?

MWANAIDI: Sikuwa na jibu. Nikaketi kwenye benchi lake la wateja. Tumezungumza karibu nusu saa, akanionyesha jinsi ya kupaka uzi nta usikatike upesi. Mwisho akasema, haya, sasa nipige. Nikampiga ya pili, ananitazama.

KOMBO: Sasa sikilizeni, swali la kwanza kwenye karatasi yangu linasema: je, kamera yako inapiga kelele? Maana ungekuwa na kamera ya kimya, uzi usingemponyoka yule mzee. Angemaliza kazi yake, na wewe ungepata picha tatu, nne.

MWANAIDI: Na nisingeketi kwenye lile benchi.

KOMBO: Benchi ungeliendea kwa miguu yako, hukuhitaji kamera ikuitie.

MWANAIDI: Ningeliendea kweli? Nimejiuliza usiku kucha. Mara ngapi nimepiga picha kimya nikaendelea na safari? Mara nyingi mno. Safari hii kamera ndiyo iliyonisimamisha. Kwangu mlio wa kamera ni hodi. Unamwambia mwenzako kuna mtu hapa.

KOMBO: Hodi hupigwa mlangoni, Mwanaidi, kabla ya kuingia. Kamera ikilia umeshaingia, umeshachukua ulichokitaka, ndipo unasema hodi. Hodi ya namna gani hiyo?

MWANAIDI: Hapo nitakurekebisha kwa ufundi. Kwenye kamera ya kioo, kioo ndicho kinachopeleka mwanga kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukibofya, lazima kwanza kioo kiondoke njiani. Kinapanda, kinagonga juu, ndipo shata, lile lango la kuingiza mwanga, inafunguka. Kwa hiyo sauti inaanza kabla ya picha.

KOMBO: Kwa muda gani?

MWANAIDI: Hata sehemu ya kumi ya sekunde haifiki.

KOMBO: Nani anaweza kuitikia "karibu" kwa muda huo?

MWANAIDI: Hakuna. Lakini ni kabla.

KOMBO: Na tukiingia kwenye ufundi, malizia hadithi. Kioo kikiwa juu, wewe unayechungulia unaona nini?

MWANAIDI: Giza.

KOMBO: Giza! Ile nukta yenyewe picha inapopigwa, wewe ndiye mtu pekee mtaani usiyemwona fundi. Ndiyo maana wapiga picha wengi wa mtaani walipenda Leica. Ile ya kwanza iliyoingia sokoni 1925 haikuwa na kioo cha kupanda na kushuka, na hizo walizozipenda ni za namna hiyohiyo. Unachungulia kwenye kidirisha chake cha pembeni, unamwona mtu kabla, wakati na baada. Na sauti yake kwenye zile za filamu, ambazo shata yake ni pazia la kitambaa, unasikia tu *chp*.

MWANAIDI: Rudia.

KOMBO: *Chp*. Kama mtu aliyefyonza jino.

MWANAIDI: Na ile kamera ya Rolleiflex je?

KOMBO: Hiyo shata iko ndani ya lenzi. Vipande vyembamba vya chuma vinafunguka na kufunga kama mboni ya jicho. *Ti*. Basi. Ukiwa hatua tatu husikii.

MWANAIDI: Na ndiyo aliyoitumia mpiga picha Vivian Maier kule Chicago alipokuwa yaya. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, unatazama chini. Aliyesimama mbele yako anakuona umeinama tu.

KOMBO: Na leo shata ya namna hiyo iko kwenye kamera ndogo kama Ricoh GR, iko kwenye Fujifilm X100. *Ti*. Ile ya Ricoh ni nyembamba zaidi: *t*.

MWANAIDI: Kombo, hiyo haisikiki kabisa.

KOMBO: Ndiyo sifa yake! Sasa yako.

MWANAIDI: Kachak.

KOMBO: Hapana, umeipunguza. KACHAK-chak. Inapanda, halafu inashuka. Hodi mbili.

MWANAIDI: Umekubali ni hodi!

KOMBO: Nimeazima neno lako tu. Haya, swali la pili kwenye karatasi...

MWANAIDI: Bado hatujamaliza la kwanza. Niambie kuhusu Walker Evans, yule mpiga picha Mmarekani, maana najua unampenda.

KOMBO: Nampenda sana. Kati ya 1938 na 1941 alikuwa akipanda treni za chini ya ardhi New York na kamera ndogo, Contax, ameificha ndani ya koti. Lenzi inachungulia kati ya vifungo. Waya wa kubofyea umepita kwenye mkono wa koti hadi kiganjani. Hachungulii popote, amekaa tu anatazamana na watu. Na zile nyuso, Mwanaidi! Watu wamechoka, wamezama mawazoni, hakuna aliyejipanga. Hata leo ukizitazama unahisi umeketi mbele yao. Uso wa namna ile huupati kwa mtu anayejua kuna kamera.

MWANAIDI: Na kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka gani?

KOMBO: 1966.

MWANAIDI: Miaka 25 alikaa nazo. Mtu aliyekuwa na uhakika kwamba hajamkosea yeyote angezifungia miaka yote hiyo?

KOMBO: Mimi naona alikuwa anawaheshimu. Aliwapa muda.

MWANAIDI: Mimi naona hodi ilikuwa inamdai.

KOMBO: Huo si ushahidi, hiyo ni tafsiri yako.

MWANAIDI: Na "aliwapa muda" ni tafsiri yako. Basi tuache Evans, tuje kwenye simu. Simu zinazouzwa Japani na Korea Kusini hulia zikipiga picha, na kwa kawaida mlio huo huwezi kuuzima kwenye mipangilio. Uliwekwa ili watu wasipigwe picha kwa siri.

KOMBO: Uliwekwa kwa ajili ya wenye nia mbaya. Mimi na wewe hatumo.

MWANAIDI: Fundi angejuaje nia yangu?

KOMBO: ...

MWANAIDI: Nakuuliza kweli. Amekaa na kazi yake, anasikia kufuli, anainua kichwa, anakuta mtu amesimama na chombo cheusi usoni. Nia yangu imeandikwa wapi? Alichonacho yeye ni ule mlio tu. Ukiuondoa, hana hata hicho.

KOMBO: Nakuelewa, ila sikubali. Mimi nikipiga picha kimya mara nyingi humfuata mtu nikamwonyesha.

MWANAIDI: Wote?

KOMBO: Si wote. Wengine wamepita, wengine wako ng'ambo ya barabara. Lakini sikiliza na upande wangu. Picha ya mtaani ina kazi moja ambayo picha ya studio haiwezi: kuonyesha watu walivyo wakati hawajionyeshi. Mtu akijua tu, anavaa uso mwingine. Hata mimi mwenyewe. Picha yako ya pili ya fundi, mikono ameiweka mapajani, kola ameinyoosha. Ni picha nzuri ya mzee mstaarabu, lakini fundi ameshaondoka pale. Sindano iko wapi?

MWANAIDI: Iko mezani.

KOMBO: Iko mezani! Kazi yake ya miaka yote haimo. Tukipiga wote hivyo, watakaokuja baada yetu watadhani tulikuwa watu wa kukaa wima na kutazama mbele.

MWANAIDI: Hilo limenigusa, sitakudanganya. Lakini mtu si mali ya watakaokuja. Ni wa kwake kwanza.

KOMBO: Basi hapo hatukutani.

MWANAIDI: Hatukutani. Na hicho kimya chako kina gharama yake, waambie wasikilizaji kuhusu picha yako ya Jumatano.

KOMBO: Aa, hiyo ni haki yao kuijua, maana inahusu kuchagua kamera kabisa. Kamera yangu ya sasa ina hali ya kimya kabisa, hakuna chuma kinachosogea. Sensa, kile kibao kinachopokea mwanga badala ya filamu, inasomwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini. Tatizo ni kwamba mstari wa chini unasomwa baadaye kidogo kuliko wa juu. Kitu kikipita kasi, kimeshasogea. Jumatano jioni amepita kijana na baiskeli chini ya taa za LED, amebeba kioo cha dirisha mgongoni, na taa zote za mtaa zimo ndani ya kile kioo. Nikapiga kimya.

MWANAIDI: Na?

KOMBO: Magurudumu yameinama kama yanaanguka. Na picha nzima ina michirizi, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kwa sababu taa hizo huwaka na kufifia upesi mno kwa macho yetu, lakini sensa inayosoma mstari kwa mstari inayaona yote. Picha ile sitaipata tena. Nimeumia.

MWANAIDI: Pole, ndugu yangu. Kile kioo mgongoni...

KOMBO: Usinikumbushe. Kwa hiyo anayechagua kamera asikilize: usiishie kusoma kwamba ina hali ya kimya. Ijaribu usiku, chini ya taa za dukani, kwa kitu kinachotembea. Kuna sensa zinazosomwa upesi sana, hizo michirizi na kuinama hupungua mno. Na ipo Sony a9 III, iliyotangazwa 2023, inayosoma sensa yote kwa mpigo mmoja, lakini hiyo ni kamera ya wapiga picha za michezo, nzito kwa kuzurura nayo mtaani. Kwa kazi yetu, bora ile *t* ya shata ya ndani ya lenzi. Haina michirizi kama hiyo, haina kuinama, na karibu haisikiki.

MWANAIDI: Karibu. Neno zuri hilo. Hodi ya chinichini.

KOMBO: Hebu... tumebakiwa na muda gani?

MWANAIDI: Dakika tatu.

KOMBO: Dakika tatu! Na karatasi yangu? Betri, uzito, skrini au kitundu, kamera ya zamani au mpya...

MWANAIDI: Chagua moja. Kuna yule msikilizaji aliyeuliza kuhusu lenzi, amesubiri vipindi viwili.

KOMBO: Haya, upesi. Aliuliza achukue lenzi ya milimita 28, 35 au 50; namba ikiwa ndogo, lenzi inaona upana zaidi. Chukulia sensa yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, tundu la lenzi umelibana hadi f/8, na fokasi, yaani umbali ambao lenzi inaona wazi, umeifunga kwa mkono kwenye mita 3. Kwa lenzi ya milimita 28, kila kitu kuanzia kama mita 1.6 hadi kama mita 30 kitaonekana wazi. Huhitaji kungoja kamera itafute fokasi, unainua na kupiga. Kwa 50, umbali huohuo, una kama mita 2.3 hadi 4.2 tu. Ukikosea hatua mbili, uso umefifia.

MWANAIDI: Lakini mpiga picha Cartier-Bresson alitumia 50 karibu maisha yake yote.

KOMBO: Na mwenzake Garry Winogrand, naye wa picha za mtaani, 28. Anayeanza, na mwenye haya ya kukaribia watu, aanze na 35. Ndiyo iliyo kwenye X100 ukiihesabu kwa kipimo hicho cha filamu. Ricoh GR za kawaida ni 28.

MWANAIDI: Mimi namwambia aanze na 28, kwa sababu itamlazimu asogee hadi aonekane. Ukiwa mita moja na nusu na mtu, ukimya wa kamera hauna kazi tena. Atakuona tu.

KOMBO: Umeirudisha kulekule!

MWANAIDI: Haijawahi kutoka. Alhamisi nampelekea fundi picha yake, nimeshaichapisha.

KOMBO: Ipi?

MWANAIDI: Ya pili. Ile aliyonipa mwenyewe.

KOMBO: Na ipi uliyonitumia Jumamosi saa tano usiku?

MWANAIDI: ...Ya kwanza.

KOMBO: Ya sindano.

MWANAIDI: Hilo halikupi ushindi, Kombo.

KOMBO: Sijadai ushindi. Nauliza tu, ya kwanza utamwonyesha?

MWANAIDI: Bado sijaamua. Muda umekwisha, fungua muziki.