Miguu na Kidonge cha Lehemu
Mazungumzo na wazee, Mikindani, Mtwara

Shikamooni wazee wangu. (Marahaba!)

Leo nimekuja na kiti hiki cha plastiki tu. Nani atanisaidia? Mzee, karibu. Kunja mikono kifuani, usishike popote. Simama, kaa, mara tano, upesi uwezavyo. Nahesabu kwa simu... Sekunde 13! Mpigieni makofi. Ikizidi 15, tunajua mapaja yameanza kulegea.

Nimeanza na kiti kwa sababu mimi ni mfamasia, na dirishani kwangu huja mtu akanirudishia vidonge vya lehemu, yale mafuta ya kwenye damu. "Mwanangu, hivi vinanimaliza miguu." Mama mmoja, aliyekwisha kupata kiharusi, aliviacha miezi minne. Alikuwa akivificha kwenye kopo la chumvi ili mwanawe asijue. Nimwambie anadanganya? Maumivu anayasikia yeye. Tutafute yanatoka wapi.

Dawa hizi ni statini. Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza miaka ya 1970, kwenye ukungu. Sisi hapa tungeumwaga jaani. Hulizuia ini kutengeneza lehemu nyingi, nalo ini likaanza kuichota ile iliyomo damuni.

Sasa sikilizeni. Watafiti wa London waliwachukua watu 60 walioziacha statini kwa sababu ya madhara. Kila mmoja akapewa chupa 12, moja kwa kila mwezi: 4 za dawa, 4 za vidonge bandia, yaani visivyo na dawa ndani, 4 tupu. Ipi dawa na ipi bandia, hawakuambiwa. Kila siku wakaandika wanavyoumwa, kwa alama 0 hadi 100. Miezi ya chupa tupu, wastani ulikuwa 8. Ya dawa, 16. Ya bandia? 15! (Kicheko.) Msicheke, hata mimi ningeumwa. Ukishaambiwa njia hii ina nyoka, kila kijiti kinatambaa. Matokeo yalitoka 2020, na nusu yao wakarudi kwenye dawa.

Wapo wachache ambao misuli yao huumizwa kweli. Mara nyingi ni mapaja au mabega, pande zote mbili, wiki chache baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Huyo amwone daktari. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi na mwili umelegea, usingoje kesho. Na mtaje dawa zote mnazotumia: simvastatini, mojawapo ya statini hizi, haipatani na antibiotiki iitwayo klarithromaisini, wala na dawa za ARV zenye ritonavia.

Lakini wengi wenu, nisemeni tu, miguu inaibwa na baraza. Zamani msimu wa korosho ulikuwa ukiinama na kuinuka mkorosho hadi mkorosho. Siku hizi wajukuu wanaokota, wewe unahesabu magunia umekaa. Msuli usiotumika hunywea, na umri nao unachukua chake.

Yule mama, daktari wake alimpima damu kuangalia misuli, ikawa salama. Akaanza upya kwa dozi ndogo. Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, anasimama na kukaa mara kumi. Kwa jaribio letu la mara tano, alianza na sekunde 22; mwezi uliopita nilimhesabia 16. Bado ananiambia miguu inauma, hasa akipanda kutoka pwani.

Haya, nani anafuata? Bibi wa kanga nyekundu, wewe uliyecheka kuliko wote, njoo kitini.