Mng'ao wa Bahari na Kivuli cha Alasiri

(Mhadhara uliotolewa ndani ya Ngome ya Lamu)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka majini, ahsanteni kwa kufika.

Naanza na jambo mnalolijua kuliko mimi. Uko kwenye mashua mbele ya Shela, maji maangavu, mwamba uko pima mbili tu chini yako, na huuoni. Jua limemwagika juu ya maji na macho yanauma. Mwenzako akikupa miwani ya polaroidi, mng'ao unaondoka, mwamba huo hapo. Wengi hudhani ni kwa sababu vioo vyake ni vyeusi. Weusi hupunguza vyote, mng'ao na mwamba pamoja. Miwani hii inachagua.

Inachagua nini? Shikeni kamba ncha mbili: mwaweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia. Mwanga nao ni wimbi, na wa jua umechanganya mitikisiko ya kila upande. Ukibaki mtikisiko wa mstari mmoja, twasema mwanga umepata polaraizesheni. Neno hilo hilo hutumika pia kwa umeme ulio ndani ya vitu, na shuleni tulifunzwa somo moja mwezi huu, jingine mwaka ujao, kana kwamba hayajuani. Yanajuana sana, na yanakutana juu ya maji.

Kila tone la maji limejaa chaji: chanya kwenye viini vya atomu, hasi kwenye elektroni. Mwanga ukipiga maji, elektroni husogezwa kidogo mno upande huu, kisha upande ule, zaidi ya mara trilioni 400 kwa sekunde. Kule kusogea ndiko polaraizesheni ya umeme. Na chaji inayotikisika hutoa mwanga. Kwa hiyo mng'ao unaokuchoma macho haukudunda kama mpira ukutani; ni maji yenyewe yanajibu. Mimi kila nikilifikiri hili nahisi kusimama kimya.

Tena molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi tangu kuumbwa kwake. Kwa umeme unaobadilika polepole, molekuli nzima hugeuka kuufuata, na maji hudhoofisha nguvu ya umeme huo mara 80 hivi. Mwanga una haraka mno. Jahazi lililojaa shehena haliyumbi kwa kila kiwimbi. Kidau ndicho kinachorukaruka. Molekuli ni jahazi, elektroni ni kidau. Kwa mwanga, elektroni peke yake ndizo zinazowahi, na ile 80 yashuka hadi 1.77 hivi. Tafuteni kipeuo chake cha pili: 1.33, namba ya jinsi maji yanavyopinda mwanga. Ishikeni, tutaihitaji.

Chaji inayotikisika haitoi mwanga kufuata mstari wa mtikisiko wake. Hutoa kwa pembeni. Ipo pembe moja ambayo mwanga wa kurudi ungelazimika kufuata mstari huo huo. Hapo mtikisiko wa upande huo haurudi kabisa. Unaorudi ni ule tu uliolala sambamba na uso wa bahari, na ndio unaozuiwa na miwani. Malus, mwanafizikia wa Ufaransa, aliona jambo hili Paris mwaka 1808, akitazama kwa kipande cha fuwele jua lililoakisiwa na madirisha ya kasri. Kanuni ya pembe yenyewe aliitoa Brewster, mwanasayansi wa Scotland, mwaka 1815.

Kwa maji, pembe hiyo ni nyuzi 53 kutoka wima. Lakini hamhitaji kupima nyuzi. Wazee wetu wameijua alasiri kwa kivuli: kikiwa sawa na urefu wa kitu, ukiondoa kivuli cha adhuhuri. Basi simamisheni mti. Kivuli kikiwa mara 1.33 ya urefu wake, namba ile ile, jua liko penye pembe ya Brewster. Hapa Lamu ni yapata saa tatu asubuhi, na tena saa tisa u nusu hivi, haipishani sana na alasiri.

Kijana mmoja ameniuliza atajuaje miwani ya kweli. Swali zuri, maana mimi niliwahi kuuziwa vioo vyeusi vitupu vyenye kibandiko cha polaroidi. Tazama mng'ao wa maji kupitia miwani, kisha kilaze kichwa ubavuni. Mng'ao ukirudi kwa nguvu, ni ya kweli. Usipobadilika, rudisha dukani.

Kesho baada ya sala ya alasiri nitakuwa gatini na fimbo ya mita moja na lenzi mbili za polaroidi. Kivuli kikigonga sentimita 133, tutazigeuza pamoja.