Kumsikiliza Mtoto: Mazungumzo na Walimu wa Sekondari, Chake Chake

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Walimu wenzangu, na nyinyi maalim zangu mlionisomesha, mliokaa safu ya mbele mkanitia haya.

Nimeombwa nizungumzie njia nyengine za kumpima mwanafunzi, mbali na mtihani wa taifa. Nitaanza chuoni, chuo cha Kurani, maana sote humu tumepita chuo. Mtoto anakaa mbele ya maalim, anafungua juzuu yake, anasoma. Akikosea anarudishwa nyuma aya moja. Akishindwa kabisa, kesho anaanzia palepale. Pembeni yake yupo rika lake keshafika Yasini, na mwengine bado anakokoteza alifu kwa kijiti. Sikumbuki mtoto aliyerudi nyumbani akasema kapata asilimia arubaini na nne ya sura ya Alam tara. Ama umeihifadhi, ama bado, na "bado" maana yake kesho utasikilizwa tena.

Sisifu kila kitu. Bakora zilikuwepo, na wengi tulihitimu hatujui maana ya tulichokisoma. Lakini kusikilizwa mmoja mmoja tulikujua kabla ya kuijua skuli.

Sasa tazameni tunavyofanya sisi. Katika Kidato cha Nne, alama 30 ni D na 29 ni F. Kati ya watoto hao wawili pana nini? Pengine swali moja la kuchagua, mmoja kabahatisha, mwenziwe hakubahatisha. Na mtihani huo hatutaufuta sisi humu ndani. Skuli si jambo la Muungano, lakini Baraza la Mitihani la Taifa ni jambo la Muungano, kwa hiyo anayetaka ufutwe ajue pa kupeleka barua. Mimi nasemea miaka minne kabla ya siku ile.

Nilikuwa na mwanafunzi wa kike, mama yake anatengeneza ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Kwenye pepa ya Bayolojia, swali la osmosisi, yaani maji kuvutwa kwenda penye chumvi nyingi, aliacha wazi. Wiki ile ile nikamkuta pwani akimfokea mdogo wake kuwa chumvi haijatosha, samaki hajatoa maji, ataoza. Nikamuuliza kwa nini chumvi hutoa maji. Akanieleza kwa Kiswahili, na akanionesha, vizuri kuliko nilivyokuwa nimemsomesha mimi kwa Kiingereza. Kwenye daftari langu la alama ana sufuri. Nilikuwa nimempima nini, basi? Kiingereza chake, na labda kiwewe chake.

Wazo la kupunguza uzito wa siku moja si geni kwetu. Novemba 1974, chama cha TANU kilipopitisha Azimio la Musoma juu ya elimu, kilisema mtoto asihukumiwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, na kuanzia 1976 kazi za skuli zikahesabiwa nusu ya alama. Nusu! Lakini nyinyi mnajua, na mimi najua, daftari la maendeleo linavyojazwa. Nimewahi kufundisha pahala, sipataji, alama za miaka miwili zikaandikwa usiku mmoja kwa taa ya chemli, kalamu tatu za rangi tofauti ili zionekane za siku tofauti. Na mmoja wa walioshika kalamu ni mimi. Ukiniuliza upimaji endelevu, huu wa kazi za kila siku, umekwama wapi, nitakwambia haukukwama kwa watoto.

Jimbo la Queensland, Australia, nao waliuacha mtihani wa nje, unaotungwa nje ya skuli, baada ya ripoti ya mwaka 1970. Kilichowawezesha kusimama karibu miaka hamsini ni vikao: walimu wa skuli mbalimbali wakikaa na mikoba ya kazi za wanafunzi, insha, majaribio, ripoti, wakibishana mpaka wakubaliane kazi ya kiwango hiki inafanana vipi. Siku hizi mtihani wa nje umerudi huko, robo ya alama kwa masomo mengi, nusu kwa hesabu na sayansi. Kwa hiyo nao hawajamaliza ubishi. Lakini ninachokitaka kwao ni kile kikao.

Na kikao chenyewe mnakijua. Ukipeleka karafuu kituoni, daraja huipangi wewe peke yako nyumbani. Gunia linafunguliwa, watu wanatazama: makonyo, vile vikonyo vyake, yamechambuliwa? Zimekauka sawasawa? Ubishi upo, lakini mzigo uko mbele ya macho ya wote. Daftari letu la alama halina gunia. Lina namba tu.

Naona mkono kule nyuma. Maalim anauliza: darasa langu lina watoto sitini, nitawasikiliza saa ngapi? Swali la haki. Dakika tano kila mtoto ni dakika mia tatu, yaani karibu vipindi vinane vya dakika arubaini. Mara moja kwa muhula, kazi moja tu. Msimu wa karafuu, kwa mfano, mtoto apime pishi moja mbichi, aianike, aipime kila jioni, achore grafu, kisha akueleze kwa nini mstari unashuka kwa kasi siku za mwanzo. Wakati unamsikiliza mmoja, wengine wanaandika zao. Aliyenakili grafu ya mwenzake utamjua kwa swali la pili, huna haja ya msimamizi.

Lugha? Mwacheni aeleze kwa Kiswahili kwanza, kisha aandike kwa Kiingereza, na mpe alama mbili mbalimbali. Hapo utajua ugonjwa uko wapi.

Ombi langu ni la Jumamosi ijayo, hapa hapa, saa tatu asubuhi. Kila mmoja aje na kazi tatu za wanafunzi wake, moja nzuri, moja ya katikati, moja dhaifu. Jina lifunikwe kwa karatasi, alama zisiandikwe. Tutazungusha meza kwa meza, kila mtu aandike alama yake kimya, kisha tufunue. Mimi nitaleta tatu zangu, na nadhani ya kwanza mtanibishia.