Kiraka Hakikutani: Kunyoosha Renjifainda ya Zorki 4 Ukiwa Nyumbani

NEEMA: Mwangaluka wasikilizaji, leo tuko Capri Point, upepo wa ziwa unaingia kwenye maiki mtuvumilie. Niko na kaka Shija na hapa mbele yetu kuna Zorki 4, kamera ya Kirusi, zilitengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow kuanzia 1956 mpaka 1973. Kaka hii inaumwa nini?

SHIJA: Dada chungulia mwenyewe. Katikati ya kioo cha kuchungulia kuna kile kiraka cha renjifainda, yaani kipima umbali cha kamera, picha mbili zinatakiwa zilaliane ziwe moja ndo ujue fokasi imekaa. Sasa nimezungusha lenzi mpaka mwisho, kwenye ile alama ya nane iliyolala, yaani mbali kabisa, angalia mnara wa simu kule mlimani.

NEEMA: Iko miwili. Mmoja umekaa pembeni, halafu kama umepanda juu kidogo.

SHIJA: Eeh, imepotea njia zote mbili, kulia kushoto na juu chini. Na hapo ndo watu wanakimbilia bisibisi, mimi nasema hapana, usiguse skrubu hata moja kabla hujajua lenzi yenyewe iko sawa. Renjifainda haipigi picha, inakuambia tu umbali. Lenzi ikitoka mbele na kurudi, ringi yake ya nyuma inasukuma kamkono kadogo ndani ya bodi, kamkono kanageuza kioo, kioo ndo kinasogeza ile picha ya pili. Sasa kama lenzi iliwahi kufunguliwa ikarudishwa vibaya, alama yake ya mbali sio mbali ya kweli, wewe utanyoosha kiraka mpaka kilale vizuri kabisa na picha bado zitatoka ukungu, halafu utailaumu renjifainda bure.

NEEMA: Lenzi unaipimaje nyumbani bila mashine?

SHIJA: Kwenye Zorki 4 ni raha kwa sababu mgongo wote unatoka. Kamera iwe tupu haina mkanda, unavua mgongo, unachukua seloteipu ile isiyong'aa, ya rangi ya maziwa, unaibandika ikaze juu ya zile reli mbili za ndani ambazo filamu huwa inalalia. Iwe bapa, isibonyee. Unaweka shata kwenye B, yaani pazia la ndani linabaki wazi muda wote kitufe kimebonyezwa, na hapa nisisitize, kwenye Zorki vuta kwanza, yaani zungusha kile kirungu cha kusogezea mkanda, ndo ubadilishe spidi, ukibadilisha kabla hujavuta unaweza kuharibu mtambo wa ndani. Lenzi unaifungua yote, hii lenzi ya Jupiter-8 inafika f/2, yaani tundu lake la mwanga likiwa wazi kabisa, unaiweka kwenye alama ya mbali, mtu anakubonyezea kitufe asiachie, wewe unaangalia seloteipu kwa kioo cha kukuzia. Utaona dunia imepinduka, ziwa juu anga chini. Mnara ukiwa mkali kama wembe, lenzi ni nzima, sasa nenda kwenye renjifainda.

NEEMA: Na usipokuwa mkali?

SHIJA: Basi ugonjwa uko kwenye lenzi au pale inapokaa, hiyo ni kazi nyingine, renjifainda iache kwanza.

NEEMA: Hapo kwenye "mbali" naomba tukae kidogo, maana kuna mtu Mwanza atasimama pale barabarani aelekeze kamera kwenye Bismarck Rock.

SHIJA: Lile jiwe liko karibu mno dada! Ni zuri kwa picha ila kwa kazi hii tafuta kitu kilichozidi kilomita moja. Ukiwa hapa unaweza kulenga majengo ya hospitali ya Bugando juu ya mlima, au milingoti ya simu. Na sisi wa ziwani tuna bahati ambayo watu wa bara ndani hawana, kwa sababu unahitaji mistari miwili: uliosimama, kama mlingoti, huo unakuonyesha kosa la kulia na kushoto, na uliolala, unakuonyesha kosa la juu na chini. Mstari uliolala mzuri kuliko pale maji yanapokutana na anga utaupata wapi? Ukiwa ghuba imekuziba, hata ule ufukwe wa ng'ambo upande wa Kamanga unatosha. Njoo asubuhi tu, jua likipanda hewa juu ya maji inacheza, mnara unatetemeka, utakuwa unarekebisha joto badala ya kamera.

NEEMA: Haya sasa bisibisi.

SHIJA: Bisibisi za fundi saa, ncha ijae kwenye mfereji wa skrubu, ikicheza itakwangua. Anza na juu chini. Kile kidirisha kidogo cha duara mbele kina ringi, unaifungua kwa kubana na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, usitumie koleo, koleo litaacha alama milele. Ndani kuna kioo kilichokatwa mshazari kwenye fremu yake, ukikizungusha taratibu picha ya pili inapanda au inashuka. Ila itasogea na pembeni pia, ndo maana juu chini inatangulia, ukianza na pembeni utarudia kazi.

NEEMA: Kisha pembeni.

SHIJA: Kisha pembeni. Kuna kaskrubu mbele karibu na kidirisha hicho, hako ni kifuniko tu, kitoe, ndani yake ndo kuna skrubu ya kurekebishia. Robo mzunguko ni nyingi, wewe gusa kidogo, chungulia, gusa tena, lenzi iwe imekaa kwenye alama ya mbali muda wote.

NEEMA: Ikikaa tumemaliza?

SHIJA: Bado umbali wa karibu. Chukua futikamba, pima mita 1 kutoka mahali filamu inapokaa, sio kutoka kwenye kioo cha lenzi, weka gazeti pale, lenganisha kiraka halafu soma lenzi inasemaje. Kwa nini nasumbua hapa, kwa sababu lenzi ya 50mm kwenye f/2 umbali wa mita 1, eneo lililo kali ni kama sentimita 4 hadi 5 tu jumla, renjifainda ikidanganya kidogo jicho linapotea unapata sikio. Ikiwa mbali iko sawa na karibu imekataa, ni ule mkono unaogusa lenzi, Leica wao wameweka kigurudumu, Zorki ina kipande kilichochongwa ambacho kinageuzwa. Ukikigeuza mbali inahama tena, kwa hiyo unaenda na kurudi mpaka zote mbili zikubali.

NEEMA: Wenye kamera za Kijapani za renjifainda, Canonet au Yashica Electro 35?

SHIJA: Kanuni ile ile ila kofia ya juu inabidi itoke, na Yashica ina waya nyembamba chini yake, inua polepole. Na ukishakuwa ndani, kile kioo kinachochanganya picha mbili usikisugue jamani, utando wake ni mwepesi sana, ukifutika kiraka hakirudi. Kama kimefifia tu, kata kipande kidogo cha tepu nyeusi ubandike katikati ya dirisha kubwa la mbele, kiraka kitaonekana vizuri.

NEEMA: Na asiye na muda wa haya yote na Jumamosi anataka kupiga picha soko la samaki la Mwaloni Kirumba?

SHIJA: Aende! Aweke f/8, lenzi aiweke mita 10, kuanzia kama mita 5 mpaka mbali kote kutakuwa sawa, mitumbwi, wabeba dagaa, wote, kiraka asikiangalie kabisa. Mchana jua la hapa linatosha f/8 bila wasiwasi.

NEEMA: Skrubu hazitalegea tena?

SHIJA: Tone dogo la rangi ya kucha juu ya kichwa, iache ikauke ndo urudishe kifuniko. Halafu piga fremu chache kwenye f/2, karibu, katikati na mbali, uandike umbali wa kila moja, usafishe mkanda uone. Na ukibadilisha lenzi, ipime na yenyewe, kwa hizi za Kirusi usidhani zote zinasoma sawa.

NEEMA: Ngoja nishike seloteipu, wewe shika kitufe. Wasikilizaji tutaonana wiki ijayo.