Shanga Nyekundu ya Tatu

Karibuni, wanangu. Wengine mmepanda daladala alfajiri kutoka Usa River, kwa hiyo sitawachosha na habari za Fibonacci alikuwa nani. Nimekuja kwa jambo moja ambalo mnalikosea kila mwaka katika msimbo wa Fibonacci, ule wa kuandika namba kwa 0 na 1 tu, kila namba neno lake: kukata, yaani kutenganisha maneno hayo.

Uzi huu wa shanga nimeununua sokoni Kilombero. Kila shanga ni biti moja: nyeupe ni 0, nyekundu ni 1. Hauna fundo wala nafasi, na bado kila neno linajulikana lilipoishia. Kwa nini? Kwa sababu ya Zeckendorf, yule Mbelgiji: kila namba nzima kuanzia 1 ina njia moja tu ya kuandikwa kama jumla ya 1, 2, 3, 5, 8, 13 na kuendelea, bila kurudia namba wala kutumia mbili zinazofuatana. Shanga ya kwanza ya neno inasimamia 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 5 na kuendelea; ikiwa nyekundu, namba hiyo imo kwenye jumla. Basi ndani ya namba moja, shanga nyekundu hazigusani kamwe. Tunaongeza nyekundu moja mwishoni, isiyohesabiwa kwenye jumla, zinagusana, hapo ndipo mwisho wa neno.

Tazameni: 0111011. Anza kushoto. Nyeupe, nyekundu, nyekundu: kata. Hiyo 011 ni 2. Inafuata nyekundu ya tatu, na tayari naona mkono umenyooshwa: "Mwalimu, zimegusana tena!" Hapana, mwanangu, hapana! Ile ya pili imeshaondoka na neno lake. Hii ya tatu ndiyo kwanza inaanza, nyuma yake hakuna kitu. Endelea: 1011, yaani 1 na 3, ni 4. Jibu ni 2 na 4. Mwenye pupa anapata 011, halafu 1 iliyobaki yatima, ambayo si neno la namba yoyote, halafu 011 tena.

Niliwahi kukesha na kijana mmoja juu ya takwimu za kipimo cha mvua kilichotuma namba kwa msimbo huu huu, mteremko wa Meru. Masika imekolea, barabara hazipitiki, na kompyuta inasema manyunyu. Tukabadilisha betri. Tukalaumu waya. Kumbe programu yake ilikuwa inatupa kimyakimya kila kipande cha biti moja, na 4 zinageuka 2. Dawa ilikuwa mstari mmoja: ukishakata, biti iliyotangulia ihesabiwe 0. Mstari mmoja, jamani! Usiku mzima!

Mtaniambia lugha zenu za programu zina amri ya kukata maandishi kila penye 11. Ni kweli, ikisoma kutoka kushoto na kuzila zote mbili kwa pamoja, inakata sawasawa. Lakini kipimo hakikuletei uzi mzima. Kinakuletea baiti, biti nane nane, na nyekundu moja inaweza kufunga baiti hii, mwenzake akafungua inayofuata. Ukianza upya kila baiti, umempoteza. Kumbukumbu ya biti iliyotangulia ivuke mpaka pamoja nawe.

Muda unakwisha. Sifuri haina neno, ongezeni 1 kabla ya kuandika. Nyeupe za kujazia baiti ya mwisho hazidhuru, maana hazifungi neno. Na biti ikiharibika njiani? Ile ya tatu kwenye uzi wetu ikigeuka 0, tunapata 0101011: 2 na 5 na 13, yaani 20. Namba mbili zimeyeyuka kuwa moja, ila neno linalofuata linasomeka salama.

Haya, nyuzi ziko kwenye beseni, mikasi mezani. Kateni, nipite niangalie.